Mwaka 1895 vilitoka vitabu vitatu vya sosholojia, sisi tunafundishwa kimoja

#1 Kalamu ya Ufukweni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aupitie jioni akiwa ametulia.

Mwaka 1895 Mfaransa Émile Durkheim alichapisha kitabu chake cha kanuni za mbinu ya sosholojia. Aliyesoma fani hii Mlimani, Dodoma, Nairobi au Makerere anakijua hata kama hajawahi kukishika mkononi: mambo ya jamii yachunguzwe kama vitu, mtafiti aweke kando dhana alizokuja nazo, na kadhalika. Mwaka wa kwanza hauishi hujakutana nacho kwenye mtihani.

Mwaka huohuo, huko Marekani, vilitoka vingine viwili. Kimoja kiliandikwa na wakazi wa Hull House, nyumba iliyokuwa mtaa wa Halsted mjini Chicago. Kilikuwa na ramani za rangi zilizoonyesha familia za eneo lile zimetoka nchi gani na zinaingiza dola ngapi kwa wiki. Kingine kiliitwa A Red Record, cha Ida B. Wells, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani. Alihesabu mauaji ya watu weusi waliouawa na makundi bila kufikishwa mahakamani, kisha akazipima kwa takwimu sababu zilizokuwa zikitolewa kuyahalalisha.

Durkheim alieleza jinsi jamii inavyopaswa kuchunguzwa. Hawa wengine walikuwa wameshaichunguza, tena kwa gharama kubwa. Lakini ni yeye peke yake tunayemkariri.

Jibu tulilozoea ni kwamba zama zile wanawake hawakuwa wakisoma, kwa hiyo hakukuwa na wa kutajwa. Jibu hilo linaniudhi, kwa sababu ni uongo ambao mtu anaweza kuukagua ndani ya mchana mmoja. Walikuwepo, walichapisha, walisomwa, na wenzao wa kiume waliwajua kwa majina. Chama cha wanasosholojia cha Marekani kilipoundwa 1905, Jane Addams wa Hull House na mwandishi Charlotte Perkins Gilman walikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Kwa hiyo mimi siulizi walikuwa wapi. Nauliza nani aliwatoa, lini, na kwa hoja gani.

Nianze na Hull House maana ushahidi wake uko wazi.

Addams na Ellen Gates Starr waliifungua 1889 katikati ya wahamiaji: Waitalia, Wayahudi waliotoka Urusi, Waairishi, Wabohemia. Wakazi wake wengi walikuwa wanawake waliomaliza masomo ya juu wakakuta vyuo vimewapa shahada lakini havina nafasi ya kuwaajiri. Mmoja wao ni Florence Kelley. Aliomba kuendelea na masomo Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akakataliwa kwa kuwa mwanamke, akaenda Zurich. Ndiye aliyetafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Engels, mwenzake Karl Marx, kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Mwaka 1893 serikali ya Marekani ilipoamua kuchunguza mitaa ya maskini kwenye miji mikubwa, upande wa Chicago kazi ilikabidhiwa kwake.

Tuitazame kazi yenyewe. Eneo lilikuwa kama theluthi moja ya maili mraba, mashariki ya Hull House. Wadadisi wanne waliingia nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, wakijaza madodoso: wanaishi wangapi, wamezaliwa wapi, wanafanya kazi gani, wanalipwa kiasi gani. Kabla madodoso hayajapelekwa Washington, wakazi wa Hull House waliyanakili, wakayageuza kuwa ramani mbili, moja ya asili za watu na moja ya mapato. Kwenye ile ya mapato, nyeusi ni familia inayopata dola 5 kwa wiki au pungufu, na njano ni inayopata zaidi ya dola 20. Katikati kuna rangi nyingine tatu. Unapitisha kidole mtaa kwa mtaa, kiwanja kwa kiwanja, na umaskini uliokuwa unasemwa kwa maneno ya jumla unakuwa na anwani. Halafu kuna sura za kitabu: Kelley anaandika kuhusu vyumba vya ushonaji vyenye ujira wa kinyonyaji, na pamoja na mwenzake anaandika kuhusu watoto wanaofanya kazi za kuajiriwa. Isabel Eaton analinganisha mapato na matumizi ya washonaji makoti wa Chicago na wa New York.

Miaka 30 baadaye, 1925, Ernest Burgess wa Chuo Kikuu cha Chicago akachapisha mchoro wake wa miduara ya mji: biashara katikati, halafu ukanda wa wahamiaji maskini, halafu kuendelea nje. Mchoro huo upo kwenye vitabu vyote vya sosholojia ya miji nilivyowahi kufungua. Mji ni uleule, wahamiaji ni walewale. Ramani za 1895 hazipo. Na chuo chenyewe kilianza kufundisha 1892, wakati Hull House ina miaka mitatu ikifanya kazi mtaani.

Naendelea baadaye. Karibuni.

#2 Mjukuu wa Rufiji

Nimeweka kambi. Dada shusha nondo, tupo.

#3 Mchunguzi

Mleta uzi, heshima yako. Umeandika vizuri, ila naona unachanganya mambo mawili. Hull House ilikuwa kituo cha kusaidia maskini. Walikuwa na chekechea, madarasa ya Kiingereza, jiko la jamii. Kazi nzuri sana, Addams akapewa Nobeli ya Amani 1931, wala hakuna anayebisha. Lakini huo ni ustawi wa jamii na uanaharakati. Sayansi inamtaka mtu asimame pembeni aangalie bila kutaka kubadilisha. Pengine ndiyo sababu hawamo kwenye orodha, na wala si jinsia.

Halafu Addams mwenyewe hakutaka Hull House iwekwe chini ya chuo kikuu. Mtu akijitoa, tusiseme katolewa.

#4 Kalamu ya Ufukweni

Kaka Mchunguzi, asante, maana umeitaja hoja ileile iliyotumika kuwatoa. Nitaijibu taratibu.

Kwanza tuitumie kwa wote. Marx alikuwa ndani ya uongozi wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi tangu ilipoundwa 1864, na maisha yake yote alitaka kubadilisha dunia. Durkheim alijitosa kumtetea Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini, na 1898 akaandika makala ya kuwajibu waliomshambulia yeye na wenzake. Max Weber alikwenda Versailles 1919 na ujumbe wa Ujerumani kwenye mazungumzo ya amani baada ya vita, na alishiriki mijadala ya katiba mpya ya nchi yake. Wote watatu walikuwa na msimamo na walitaka mambo yabadilike. Sijawahi kumsikia mwalimu akisema Marx aondolewe kwenye muhtasari wa somo kwa sababu alikuwa mwanaharakati. Kipimo kikitumika kwa wanawake tu, tatizo liko kwenye kipimo.

Pili, kuhusu kujitoa. Addams kukataa Hull House kumezwa na chuo ni kweli, na alikuwa na sababu: alitaka wakazi wabaki na uhuru wa kusema. Lakini wapo waliotaka kubaki chuoni na hawakupata nafasi. Annie Marion MacLean, Mkanada, alipata shahada ya uzamivu ya sosholojia Chicago mwaka 1900. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshachapisha makala kuhusu wauzaji wa maduka makubwa. Ili aiandike aliomba kazi dukani, akasimama nyuma ya kaunta pamoja na wasichana wale, akapokea ujira wao, akaandika alichokiona. Leo tunaita hiyo ushuhudiaji shirikishi na tunawapa wanafunzi kama mbinu ya kisasa. Chuo kilichompa shahada kilimtumia kwa miaka mingi kufundisha kwa njia ya posta. Kwenye idara yenyewe hakuajiriwa kama wenzake wa kiume.

Tatu, tarehe. Wanawake wa Chicago hawakupotea kidogo kidogo. Mwaka 1920 ilianzishwa ndani ya chuo shule ya huduma za jamii, na waliokuwa wakifanya utafiti wa kijamii, Sophonisba Breckinridge na Edith Abbott wakiwa mbele, wakawa huko. Breckinridge alikuwa na uzamivu wa sayansi ya siasa, Abbott wa uchumi, wote wa chuo hichohicho. Mwaka uliofuata Robert Park na Burgess wakatoa kitabu kikubwa cha utangulizi kilichosomesha kizazi kizima cha Wamarekani. Hapo mpaka ukawa umechorwa: upande huu wenye sayansi, upande ule wenye huruma. Abbott aliiongoza ile shule kuanzia 1924 akaifanya iheshimike, na sidharau hata kidogo fani ya ustawi wa jamii. Ninachopinga ni kuuchukua mpaka wa 1920 na kuurudisha nyuma hadi 1895, kana kwamba Kelley alipokuwa akihesabu vyumba alishajua kwamba hafanyi sosholojia.

#5 Mwalimu Kibao

Nafundisha nadharia za sosholojia kwenye chuo kimoja hapa nchini, sitakitaja. Niongeze la upande wangu.

Orodha hii ya Marx, Durkheim na Weber tunaifundisha kana kwamba ilishuka ikiwa kamili. Haikuwa hivyo. Wanasosholojia wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wakimsoma zaidi Mwingereza Herbert Spencer na wengi wengine ambao leo hata majina yao hatuyajui. Mmarekani Talcott Parsons ndiye aliyewapa uzito mkubwa Durkheim na Weber kwenye kitabu chake cha 1937, tena akiwaweka pamoja na wanauchumi Pareto na Marshall, na Marx hakuwa mmoja wa wale wanne. Utatu tunaoujua ulikaa sawa baadaye sana, kuelekea miaka ya 1970. Raewyn Connell wa Australia alilieleza hili vizuri kwenye makala ya 1997. Kwa maana hiyo orodha ilichaguliwa wakati ambapo wanawake walikuwa wameshahamishiwa chumba cha pili, na waliochagua waliangalia chumba cha kwanza tu.

Nilipojaribu kuingiza Mwingereza Harriet Martineau na Addams kwenye muhtasari wa somo, niliambiwa muhtasari umeshapitishwa, nisubiri mapitio ya mtaala. Nimesubiri. Wakati huo wanafunzi wananiuliza, "Mwalimu, huyu anatoka kwenye mtihani?" Nikisema hapana, kalamu zinawekwa chini. Siwalaumu, wanalipiwa ada na wazazi wanaotaka matokeo.

#6 Chipukizi wa Sosho

Shikamoo mwalimu, na shikamoo dada. Mimi niko mwaka wa pili. Martineau sisi tulitajiwa kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye aliyemtafsiri mwanafalsafa Mfaransa Comte kwa Kiingereza. Ana kingine?

#7 Kalamu ya Ufukweni

Marahaba mdogo wangu. Anacho, tena kingi, na swali lako limenigusa kwa sababu sentensi hiyo moja ndiyo inayomfukia.

Harriet Martineau alizaliwa Norwich, Uingereza, 1802. Uziwi ulimwingia tangu utotoni, na ukubwani alitumia pembe ya kusikilizia: mwenyewe anashika upande mwembamba sikioni, anayezungumza anasogea na kusemea kwenye mdomo mpana. Biashara ya familia ilipoanguka 1829 akaishi kwa kalamu yake. Kuanzia 1832 alitoa mfululizo wa hadithi za kueleza uchumi kwa watu wa kawaida, na zilimpa jina Uingereza nzima.

Mwaka 1834 akapanda meli kwenda Marekani, akakaa miaka miwili. Ndani ya meli alianza kuandika kitabu cha namna ya kuchunguza maadili na desturi za watu, kilichochapwa 1838. Kitabu hicho ni cha mbinu za utafiti. Kinasema anayesikiliza tu maneno ya wenyeji atapotoka, maana kila mtu ana la kusema na wawili hawakubaliani. Anza na vitu vinavyodumu, ambavyo jamii imeviacha bila kujua kwamba inatazamwa: nenda makaburini usome walichowaandikia marehemu wao, maana hapo utajua wanamsifu mtu kwa lipi; nenda magerezani; soma kumbukumbu za umma; sikiliza nyimbo zao; halafu ndipo uwaulize watu. Na mtafiti akikuta desturi ngeni asikimbilie kuilaani kwa kipimo cha kwao. Hesabu miaka kutoka 1838 hadi 1895 utapata 57. Ni miaka 57 kabla ya Durkheim kutuambia tutazame mambo ya jamii kama vitu.

Kitabu chake kuhusu Marekani kilitoka 1837. Alifanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa nadharia kamili. Hakuipima Marekani kwa Uingereza. Aliipima kwa maneno yake yenyewe, yale ya tangazo la uhuru: kwamba watu wote ni sawa, na serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Kisha akauliza: mtumwa ameridhia wapi? Mwanamke analipa kodi na kuhukumiwa kwa sheria, ameridhia lini? Ana sehemu nzima inayosema kwamba kisiasa mwanamke wa Marekani hayupo. Mfaransa Tocqueville alizunguka nchi hiyohiyo kwa miezi tisa, mwaka 1831 na 1832, na anafundishwa hadi leo kama mchambuzi mkuu wa demokrasia yake. Wawekeni vitabu vyao mezani pamoja, mwamue wenyewe.

Walikuwepo waliosema kiziwi hawezi kuchunguza jamii. Aliwajibu kwenye kitabu chenyewe: pembe ile iliwavuta watu kukaa naye wawili wawili, wakamwambia ana kwa ana yale ambayo hadharani wasingeyasema.

Sasa hilo la tafsiri. Kitabu cha Comte kilikuwa juzuu sita, kizito, chenye kurudiarudia. Mwaka 1853 Martineau alikitoa kwa Kiingereza kwa juzuu mbili, akiwa amekichuja na kukipanga upya. Comte mwenyewe aliikubali kazi ile kiasi cha kuwapendekezea wasomaji wake badala ya juzuu zake, na baadaye ikarudishwa Kifaransa. Kwa hiyo hata hapo tunapomwita mfasiri, alikuwa anafanya kazi ya mhariri na mwanafikra.

#8 Mtoto wa Mtoni

Dada Kalamu, assalaam aleikum. Nakuongezea la kwetu Unguja, kwa kuwa Martineau alifika Misri 1846, akaingia nyumba za harimu, yaani makazi ya wanawake, na kuziandika vibaya sana. Kanuni yake ya kutolaani kabla hujaelewa ilimponyoka hapo.

Miaka 40 hivi baadaye aliyejibu maandishi ya namna ile alikuwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa jumba la Mtoni 1844. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani ila kuandika walikatazwa, akajifunza kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikatoka Berlin 1886. Ndani yake kuna sura nzima kuhusu hadhi ya mwanamke wa Mashariki, anawaambia Wazungu wazi kwamba wanaandika wasichokijua, mgeni anapita siku chache na kupewa hadithi za kuambiwa. Anaeleza mali ya mwanamke kisheria, ndoa, talaka, malezi, watumwa, kwa jicho la aliyekuwa ndani. Kuhusu utumwa aliutetea, na hilo ni doa ambalo lazima lisemwe. Lakini kila anayemsoma anamsoma kama kisa cha mapenzi ya binti mfalme. Hakuna anayeichukua sura ile kama uchambuzi wa jamii.

#9 Kalamu ya Ufukweni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Umenipa kazi ya kusoma upya, maana nilikuwa namfikiria Salme kama chanzo cha historia tu. Uliyosema kuhusu Martineau na Misri nakubaliana nayo kabisa. Nami sitaki tuwainue hawa wanawake hadi wasiguswe. Durkheim naye tunamsoma na makosa yake, na hakuna anayemfuta.

#10 Dada wa Ngara, Nairobi

Hamjambo jamani. Hakuna aliyetaja Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, na kisa chake kiko karibu zaidi na sisi kwa wakati.

Mwaka 1968 Merton aliandika makala mashuhuri kuhusu athari ya Mathayo. Jina limetoka kwenye Injili, "kila mwenye kitu atapewa, na kuongezewa tele". Hoja ni kwamba mwanasayansi mwenye jina hupewa sifa hata ya kazi aliyoifanya na mdogo asiye na jina. Ushahidi mwingi wa makala ile ulitoka kwenye mahojiano na washindi wa Nobeli yaliyofanywa na Harriet Zuckerman kwa utafiti wake wa uzamivu. Makala ikatoka na jina la Merton peke yake. Miaka baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba alitumia kazi ya Zuckerman kwa kiasi ambacho makala ile ingepaswa kuwa ya wote wawili. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter akalipa jambo hili jina lake pale linapowapata wanawake: athari ya Matilda, kwa kumkumbuka Matilda Joslyn Gage, mpigania haki wa karne ya 19.

Na mwingine ni Dorothy Swaine Thomas. Ile kanuni kwamba watu wakiona hali kuwa ya kweli inakuwa ya kweli katika matokeo yake, imo kwenye kitabu cha 1928 chenye waandishi wawili, W. I. Thomas na Dorothy. Mitihani yetu inaandika W. I. Thomas tu.

#11 Mchunguzi

Dada wa Ngara, hapo kwa Dorothy tuwe waangalifu. Merton alilifuatilia hilo, na Dorothy mwenyewe alimwandikia kwamba sehemu yake ilikuwa takwimu, na wazo la kufafanua hali lilikuwa la W. I. Kwa hiyo kwenye kanuni ile hakudhulumiwa. Tukitaka kusikilizwa, tusibebe mifano isiyobeba uzito.

Kwenye Zuckerman sina la kupinga. Na dada Kalamu, ulipowataja Marx na Dreyfus umenifikirisha. Bado naamini Weber ana upana ambao Addams hana, lakini hoja ya uanaharakati naiacha.

#12 Dada wa Ngara, Nairobi

Umesema kweli kaka, barua hiyo ipo. Hata hivyo kwenye kunukuu kitabu cha waandishi wawili unaandika majina mawili, hilo halihitaji mjadala. Na Dorothy huyohuyo ndiye mwanamke wa kwanza kuwa rais wa kile chama cha wanasosholojia cha Marekani, mwaka 1952. Chama kilikuwa na miaka 47.

Kwa hapa kwetu, waliosoma Makerere wanaijua taasisi ya utafiti wa jamii iliyopo pale. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Audrey Richards, miaka ya 1950. Alikuwa ameshaandika kuhusu chakula, ardhi na kazi za Wabemba wa Zambia ya leo, kitabu cha 1939 kinachoonyesha jinsi wanaume walipoondoka kwenda migodini wanawake na watoto wakabaki na njaa. Alikuwa mtu wa mfumo wa kikoloni, sitaficha, na fani yake ilikuwa anthropolojia. Ila yeye aliyewafungulia wengi njia alirudi Cambridge na hakuwahi kupewa kiti cha uprofesa, wakati wanaume wa rika lake walivipata.

#13 Mwalimu Kibao

Niongeze Marianne Weber, mke wa Max Weber, kwa kifupi. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mke na mama katika maendeleo ya sheria. Durkheim alikisoma akakihakiki, hakukubaliana nacho, lakini alikiona kuwa cha kujibiwa. Max alipofariki 1920, Marianne ndiye aliyekusanya miswada na kutoa Uchumi na Jamii, kitabu ambacho bila yeye tusingekuwa nacho kwa wakati ule. Wanafunzi wangu wanamjua kama mjane.

#14 Kalamu ya Ufukweni

Nimalizie na Ida B. Wells, kwa sababu hata nyuzi za kuwatetea wanawake hawa huwa zinaishia Chicago kwa wanawake weupe.

Alizaliwa Holly Springs, Mississippi, 1862. Homa ya manjano ya 1878 iliwachukua wazazi wake, akabaki na wadogo zake, akawa mwalimu, kisha mwandishi wa gazeti Memphis. Machi 1892 rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa mahabusu na kundi la wazungu wakauawa. Walikuwa na duka la vyakula lililomnyang'anya wateja mzungu mwenye duka la jirani. Hapo Wells akaanza kuuliza: tunaambiwa hawa wanaouawa ni wabakaji, je, ni kweli?

Angalieni mbinu yake. Alijua akitumia ushahidi wa watu weusi ataitwa mwongo. Kwa hiyo alichukua hesabu zilizochapwa na gazeti la wazungu, Chicago Tribune, akazipanga kwa jina, mahali, tarehe na tuhuma. Akaonyesha kwamba ni kama theluthi moja tu ya waliouawa ndio waliotuhumiwa ubakaji, achilia mbali kuthibitishwa. Waliobaki walituhumiwa mauaji, wizi, kuchoma ghala, kubishana na mzungu, au hawakutuhumiwa lolote. Hitimisho lake ni kwamba mauaji yale ni chombo cha kumrudisha mtu mweusi chini pale anapoanza kupanda kiuchumi na kisiasa. Hiyo ni nadharia ya mamlaka yenye data. Ofisi ya gazeti lake ilivunjwa akiwa safarini, akaonywa asirudi Memphis.

Na hapa kuna jambo zito kati yake na Addams. Mwaka 1901 Addams aliandika kupinga mauaji hayo, akisema hata kama waliouawa wana hatia ya ubakaji, sheria iheshimiwe. Wells alimjibu mwaka huohuo kwa makala: akamshukuru kwa msimamo, kisha akamwonyesha kwa hesabu kwamba hilo la hatia alilolichukua kama kweli ndilo lenyewe lisilo kweli. Rafiki mwema wa watu weusi alikuwa ameimeza dhana ambayo data ilishaikanusha miaka sita kabla. Hawakugombana, waliendelea kushirikiana, wakapinga pamoja shule za Chicago kutenganishwa kwa rangi. Nikisoma majibizano yale naona sosholojia ikifanya kazi hasa inayotakiwa kufanya.

Anna Julia Cooper naye tusimpite. Alizaliwa utumwani Raleigh, 1858. Kitabu chake cha 1892 kilieleza kwamba mwanamke mweusi anakutana na swali la jinsia na la rangi kwa pamoja, na kote kuwili hahesabiwi. Alikuwa mkuu wa shule Washington, akawaandaa vijana weusi kuingia vyuo bora, akaondolewa 1906. Hakuacha kusoma. Mwaka 1925, akiwa na zaidi ya miaka 65, alipata uzamivu Paris kwa tasnifu kuhusu Ufaransa na utumwa wakati wa Mapinduzi. Alifariki 1964 akiwa na miaka 105. Umri wote huo, na hakuna idara ya sosholojia iliyompa kazi.

#15 Chipukizi wa Sosho

Dada, nimesoma yote. Nianze na kipi? Na vitabu hivi vinapatikana bila kununua?

#16 Kalamu ya Ufukweni

Vinapatikana. Vya zamani hivi haki miliki zake zimekwisha, vimewekwa mtandaoni bure. Anza na A Red Record, ni kifupi na utaona majedwali yenyewe. Kisha soma kitabu cha Martineau cha 1838, ukiruka kurasa za mwanzo kama zinakuchosha. Ramani za Hull House zitazame kwenye skrini kubwa, simu inazibana na rangi hazionekani. Ukipewa zoezi la utafiti uwandani, wanukuu kwa majina na miaka yao. Mhadhiri akiuliza hawa ni kina nani, hapo umepata nafasi ya kueleza.

#17 Mwalimu Kibao

Mtihani unaruhusu swali moja la hiari, na hilo halihitaji idhini ya mapitio ya mtaala. Muhula huu nitaliweka hivi: "Linganisha mbinu ya utafiti ya Durkheim, ya wakazi wa Hull House na ya Ida B. Wells katika kazi zao za mwaka 1895." Walimu wenzangu mliomo humu, lichukueni mlitumie. Kalamu, nitumie faragha hiyo sura ya Salme kama unayo kwa Kiswahili.

#18 Mtoto wa Mtoni

Mwalimu, ninayo mimi. Nakutumia leo baada ya Isha.